Kupanda kwa kufuata mwezi: Kipi kina ukweli, kipi kinampotezea mkulima msimu

MVUA za kwanza zinapoanguka katika milima ya Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, mkulima wa mahindi huwa na siku chache tu za kuamua. Shamba limekwishaandaliwa. Mbegu imekwishanunuliwa, mara nyingi kwa fedha zilizotumwa na ndugu aliyeko Songea, Mbeya au Dar es Salaam. Iwapo katika siku hizo hizo atatokea mtu wa kumshauri asubiri kwanza mwezi uandame, au asubiri mpaka uwe mpevu, ushauri huo si jambo la mzaha. Unaweza kumgharimu sehemu ya mavuno ya mwaka mzima.

Ushauri wa namna hiyo ni wa kale, na siku hizi umepata miguu mipya. Kalenda za kupanda kwa mwezi zinapatikana kwa wingi kwenye intaneti na hutumwa kutoka simu moja hadi nyingine. Wasomaji wengi wa mjini wenye bustani ya mchicha au matembele nyuma ya nyumba wamekwishakutana nazo. Je, mwezi una kauli gani katika kilimo? Jibu lenyewe si la ndiyo au hapana, na njia nzuri ya kulipata ni kuanzia huko huko Nyasa, mahali ambapo mwezi unatawala kazi moja kwa ukamilifu na kazi nyingine hauigusi kabisa.

Kwanza, kinachodaiwa. Mwezi huchukua siku 29 na nusu hivi kutoka kuandama hadi kuandama tena. Kanuni inayojulikana zaidi inasema kuwa mazao yanayozaa juu ya ardhi, kama mahindi, maharage na mboga za majani, yapandwe mwezi unapokua. Na yale yanayozaa chini ya ardhi, kama muhogo, viazi na karanga, yapandwe mwezi unapopungua. Sababu inayotolewa ni kwamba mwezi unaokua huvuta maji na utomvu kwenda juu, na unaopungua huyaacha yashuke mizizini.

Imani hii haikuzaliwa Afrika Mashariki peke yake. Mwandishi wa Kirumi Plinio Mkubwa, aliyefariki mwaka 79 baada ya Kristo, aliiandika katika kazi yake kubwa kuhusu maumbile. Mwaka 1924, Rudolf Steiner, mzaliwa wa Austria, alitoa mihadhara juu ya kilimo iliyozaa mkondo unaozingatia mwezi na sayari, na baadaye Mjerumani Maria Thun, aliyefariki mwaka 2012, alitumia miongo kadhaa kuchapisha kalenda za kupanda zilizosomwa sehemu nyingi za dunia. Kalenda nyingi zinazozunguka katika simu zetu ni watoto na wajukuu wa kalenda hizo.

Hapa pana jambo ambalo wanaozituma hawalisemi. Kalenda za mkondo huo wa Thun haziangalii tu kukua na kupungua kwa mwezi. Zinaangalia pia njia ya mwezi angani, kama unapanda juu au unashuka kila siku unapopita. Mwezi unapopanda kwa mtu aliye Ujerumani, kwa mtu aliye kusini ya Ikweta unashuka. Mbinga na Nyasa ziko takriban nyuzi 11 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo mkulima wa huko anayefuata kalenda iliyopigwa hesabu kwa ajili ya Ulaya, hata kama kanuni zake zingekuwa za kweli, angekuwa anazifuata kinyume.

Sasa tushuke ziwani. Kata ya Tingi na jirani zake zilikuwa sehemu ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012, na wilaya hiyo mpya imepewa jina la ziwa kwa sababu iliyo wazi. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilometa 550, na kina chake kinafikia mita 700 hivi. Katika mwambao wake wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, samaki mdogo anayeitwa usipa, ambaye wengine humwita dagaa wa Nyasa, ni kitoweo na ni fedha. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa taa za betri na za umeme wa jua zimechukua nafasi kubwa. Taa huning'inizwa juu ya maji, samaki hukusanyika katika duara la mwanga, kisha wavu huwazunguka.

Mbinu hiyo inahitaji giza. Usiku wa mbalamwezi maji yote yana mwanga, taa ya mvuvi haina cha kushindana nacho, na samaki hutawanyika. Ndiyo maana wavuvi wa taa, wawe Nyasa, Tanganyika au Victoria, huhesabu mwezi wao kwa giza na mbalamwezi. Siku za giza ni za kazi. Siku zinazozunguka mwezi mpevu ni za kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kupumzika. Mwanamke anayenunua usipa ufukweni ili akauze Mbinga mjini hana haja ya kalenda ya ukutani. Akitazama juu anajua kama mzigo utakuwapo au la.

Wadudu wa ziwa nao wana hesabu yao. Yale mawingu meusi yanayoonekana kama moshi juu ya maji ya Nyasa ni mabilioni ya vijidudu vinavyotoka majini kwa wakati mmoja. David Livingstone, aliyefika kwenye ziwa hilo mwaka 1859, alieleza jinsi wenyeji walivyovikusanya na kuvifanya mikate iitwayo kungu. Watafiti waliochunguza vijidudu vya jamii hiyo Ziwa Victoria, upande wa Uganda, katika miaka ya 1950, walikuta kwamba huibuka kwa wingi zaidi karibu na mwezi kuandama.

Mfano mkubwa kuliko yote wa shamba linaloongozwa na mwezi uko mbali na Ruvuma, lakini uko ndani ya Tanzania. Ni kilimo cha mwani cha Zanzibar. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti katika maji ya kina kifupi. Ili mkulima afike shambani na kufanya kazi kwa mikono, maji lazima yatoke mbali, nayo hutoka mbali zaidi wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa huko Zanzibar wakati wa bamvua inafikia mita nne hivi. Siku za maji mafu, nusu ya mwezi inapoonekana, shamba hubaki chini ya maji na mkulima hubaki nyumbani. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, yaani bamvua tatu. Hiyo ni bustani ya mwezi bila ubishi wowote.

Tukiviweka pamoja vitu hivi vitatu, usipa, vijidudu na mwani, tunaona kwamba mwezi hufanya kazi kwa njia mbili zinazoeleweka: mwanga wake usiku, na mvuto wake juu ya bahari. Swali linalobaki ni kama mojawapo ya njia hizo inaifikia punje ya mahindi iliyofukiwa sentimeta tano ardhini.

Tuanze na mvuto, kwa sababu ndio unaotajwa zaidi. Hoja husikika hivi: kama mwezi unaweza kuinua bahari, utashindwaje kuinua utomvu kwenye mmea? Jibu liko mbele ya macho ya kila mkazi wa mwambao wa Nyasa. Bahari huinuka kwa sababu ni kubwa kiasi cha kuzunguka dunia, hivyo mwezi huvuta upande mmoja kwa nguvu tofauti na upande mwingine. Ziwa Nyasa, pamoja na ukubwa wake wote, halijai na kupwa kwa kiasi ambacho mtu aliyesimama ufukweni anaweza kukiona. Maji yake hupanda na kushuka takriban mita moja kwa mwaka kwa sababu ya mvua na kiangazi, na husukumwa huku na huko na upepo, hasa mwera wa miezi ya katikati ya mwaka. Kama mwezi haukuweza kuliinua ziwa la zaidi ya kilometa 550 tukaliona likiinuka, ni vigumu kuamini kwamba unainua matone ya maji ndani ya shina la mchicha.

Mwanga nao si hoja ndogo, lakini tuupime. Jua lina mwanga mara 400,000 hivi kuliko mwezi mpevu. Mwanga wa mwezi unamtosha samaki, mdudu na nguruwe pori. Kwa mmea unaotengeneza chakula chake kutokana na jua ni karibu na bure. Mbegu iliyo chini ya udongo haiuoni kabisa.

Mwaka 2020 watafiti wa Hispania walichapisha mapitio ya maandiko ya fizikia, baiolojia na kilimo juu ya suala hili, na hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba hatua za mwezi zinaathiri ukuaji wa mimea kwa namna inayomfaa mkulima. Yapo majaribio ya hapa na pale yaliyoonyesha tofauti. Mtafiti Ernst Zürcher wa Uswisi, kwa mfano, ameandika juu ya tofauti ndogo katika ukaukaji wa mbao kulingana na siku ya kukata mti, na mafundi wetu wanaosisitiza mianzi ikatwe wakati wa giza wangefurahi kumsikia. Lakini tofauti ndogo katika ubao si ruhusa ya kuchelewesha mahindi.

Zao ambalo Mbinga inajulikana kwalo, kahawa, linatoa somo lake. Mkahawa hutengeneza machipukizi ya maua, kisha huyaacha yamelala katika kiangazi. Mvua nzuri ya kwanza ikishaanguka, siku chache baadaye shamba zima huwa jeupe kwa maua kwa pamoja. Mtu akilitazama shamba hilo usiku wa mbalamwezi anaweza kuapa kwamba mwezi ndio ulioyafungua. Walioyafungua ni kiangazi na mvua iliyokikatiza.

Hapo ndipo hasara ya kusubiri inapoonekana. Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa udongo H. F. Birch, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, alionyesha kuwa udongo uliokauka kwa muda mrefu unapoloweshwa na mvua ya kwanza huachia kwa ghafla kiasi kikubwa cha naitrojeni, ile mbolea ambayo mahindi huihitaji kuliko nyingine. Wanasayansi duniani bado wanaliita jambo hilo kwa jina lake. Naitrojeni hiyo haikai. Mvua zinapoendelea huisukuma chini, mbali na mizizi michanga. Aliyepanda mapema huikuta. Aliyesubiri mwezi kwa siku kumi au kumi na nne hupanda katika udongo ambao zawadi yake imekwishaanza kusombwa. Kwa mkulima asiye na uwezo wa kununua mfuko wa mbolea, hakuna hatua ya mwezi inayoweza kufidia siku hizo.

Wapo watakaosema kuwa kuupinga mwezi ni kuwapinga wazee. Mwandishi wa makala haya anaona kinyume chake. Wazee wa nchi hii waliupima mwezi na kuukuta hautoshi kwa kilimo. Miezi 12 ya kuandama hufanya siku 354, pungufu kwa siku 11 ikilinganishwa na mwaka wa jua. Ndiyo sababu mfungo wa Ramadhani huzunguka katika misimu yote. Mkulima anayepanda mwezi fulani wa kuandama kila mwaka angejikuta baada ya miaka michache akipanda kiangazi. Waswahili wa pwani walilijua hilo, na pamoja na kuutumia mwezi kwa ibada, waliweka mwaka mwingine wa siku 365 kwa ajili ya kulima na kusafiri baharini, ukihesabiwa kwa makumi ya siku yaliyoitwa miongo. Mwanzo wa mwaka huo ndio unaoadhimishwa hadi leo Makunduchi, Unguja, mwezi Julai, kwa sherehe za Mwaka Kogwa.

Nyota nazo zilisomwa. Kundi dogo la nyota liitwalo Kilimia lina jina linalotokana na kulima, na methali yake inajulikana: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa anga la kusini mwa Tanzania, Kilimia huanza kuonekana mashariki saa za mwanzo wa usiku mnamo Novemba, na hupotelea magharibi jioni kuelekea Mei. Atakayelinganisha tarehe hizo na msimu wa mvua wa Ruvuma atakuta zinakaribiana mno. Nyota hazileti mvua, lakini hurudi mahali pale pale kila mwaka, jambo ambalo mwezi haufanyi.

Kuna alama moja tu ya mwezi inayokaribia kuwa saa ya msimu, nayo ni mlalo wa mwezi mchanga. Katika nchi zetu za joto, mwezi mwandamo mara nyingine hulala kama mtumbwi na mara nyingine huinamia upande mmoja, na wapo wanaosema ukiinama humwaga mvua. Mlalo huo hutegemea wakati wa mwaka, kwa hiyo hujirudia kwa takriban mpango ule ule. Anayeuona na kutarajia mvua huenda akapatia, kwa sababu ile ile inayomfanya apatie anayetazama kalenda. Kuhusu mvua yenyewe, utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kuwa nafasi ya mwezi juu ya vichwa vyetu huchangia takriban asilimia moja tu ya mabadiliko ya mvua. Hicho ni kiasi ambacho kinaonekana kwa setilaiti na hesabu za miaka mingi, na hakuna jembe litakalokihisi.

Wamatengo wa Mbinga ni ushahidi mwingine wa namna maarifa ya wenyeji yanavyojengwa. Kilimo chao cha ngoro, kilichochunguzwa miaka ya 1990 na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, hufanyika kwenye miteremko mikali. Kuelekea mwisho wa mvua, majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana kama nyavu, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika majani hayo. Hubaki mashimo yanayokamata maji na matuta yenye mboji ndani. Maharage hutangulia, mahindi hufuata msimu unaokuja. Kinachopanga kazi hiyo ni majani, unyevu wa udongo na mteremko wa mlima.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ambayo mkulima anapaswa kuutazamia mwezi kwa makini. La kwanza ni nguvu kazi. Kwa familia inayovua na kulima, siku za mbalamwezi ndizo zinazowarudisha vijana nchi kavu, na mwenye kupanga palizi au kuvuna muhogo hupata mikono wakati huo. Pengine sehemu ya imani ya kupanda kwa mwezi katika jamii za wavuvi ilianzia hapo, ingawa hayo ni maoni ya mwandishi.

La pili ni usalama. Mwaka 2005, Craig Packer pamoja na watafiti wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, waliripoti kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini, na kwamba wengi wa walioshambuliwa kusini walikuwa wakulima wakati wa mavuno, baadhi yao wakiwa wamelala madunguni kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Utafiti wao wa mwaka 2011 uliongeza jambo la mwezi. Mashambulizi yalikuwa mengi zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za kwanza za usiku. Sababu ni kwamba baada ya kupevuka, mwezi huchelewa kuchomoza kwa karibu saa moja kila siku, hivyo giza huingia wakati watu bado wako nje, na simba ambaye mbalamwezi ilimpunguzia mawindo huwa na njaa. Kwa anayelinda shamba porini, hiyo ndiyo kalenda ya mwezi inayostahili kukumbukwa.

Kwa msomaji wa mjini ambaye bado ana shaka, jaribio ni rahisi, kwa kuwa mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne tu. Atenge matuta manne yanayolingana, atumie mbegu za pakiti moja, samadi ya ndoo moja na maji ya kopo moja. Matuta mawili ayapande mwezi ukikua na mawili ukipungua, akichanganya nafasi zake ili kivuli cha ukuta kisipendelee upande mmoja. Apime uzito wa mavuno kwa mizani na kuandika, kisha arudie kwa miezi minne au mitano, kwa maana mwezi mmoja wa mvua au wa jua kali unaweza kudanganya.

Kwa aliye na shamba Nyasa au Mbinga, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua, Ruvuma ikiwamo, kabla ya msimu huo kuanza. Utabiri huo hutangazwa redioni, na ndugu aliyeko mjini anaweza kuutuma kijijini kwa simu ile ile iliyokuwa ikituma kalenda ya mwezi.